Chungu na Ufagio

Wacha watu waseme kura moja haina maana. Mimi niliiona hiyo kura moja ikipigwa, nikiwa nimesimama hatua mbili tu kutoka hapo, na sikufungua mdomo. Nimechoka kukaa nayo peke yangu, ndiyo maana nakwambia.

Jina langu ni Mwongeli. Nauza nyanya na sukuma hapa Kitengela tangu mwaka wa tisini na moja, wakati soko letu lilikuwa uwanja tu kando ya barabara ya Namanga. Hatukuwa na paa wala choo. Lakini mahali palikuwa pazuri, kila gari lilituona, na watu wa viwandani wakitoka kazini walipita hapo hapo.

Mwaka wa tisini na saba tukasikia baraza la Kajiado linataka kuukata huo uwanja uwe ploti. Na ploti hazingekuwa zetu, hilo hata mtoto alijua. Madiwani walikuwa wamegawanyika nusu kwa nusu, chama hiki na vyama vile. Uchaguzi ulikuwa karibu, na kila mtu alisema wadi yetu ndiyo itaamua nani atashika baraza. Tukakaa chini sisi mama wa soko, tukasema tumtume mmoja wetu. Tukamtuma Ndulu.

Ndulu aliuza maharagwe kando yangu. Mdomo alikuwa nao, lakini si wa matusi. Askari wa baraza akija kumwaga nyanya za mtu, Ndulu alimuuliza kwa upole, "Mama yako anauza nini, mwanangu?" Nimeona askari wakiokota nyanya walizomwaga wenyewe.

Akaingia chama kikubwa, kile cha alama ya chungu. Jina la chama sitataja, siku hizi hata wenyewe wanajifanya hawakumbuki walikuwa wapi. Miezi mitatu tuliimba chungu, mpaka watu wakamwita Ndulu wa Chungu. Mama yangu, Mwaitu kwa Kikamba chetu, nilimfundisha mimi mwenyewe. Shule hakuiona, na macho yote mawili yalikuwa na mtoto wa jicho. Kila jioni tukingoja chakula namuuliza, "Mwaitu, Ndulu ni nani?" Yeye anagonga kwa mwiko chungu chake cha kupikia muthokoi, mahindi yaliyokobolewa. "Si ni huyu!" Tunacheka. Alikipenda sana chungu hicho, alitoka nacho Machakos akiwa bibi arusi.

Wiki tatu kabla ya kura, chama kikaita watu wachague mtu wao kwa kupanga laini. Laini ya Ndulu ilifika mpaka kwa posho mill. Nyuma ya Njuguna, mwenye duka la hadiwea, walisimama watu kama arobaini na mbwa mmoja. Jioni cheti cha mgombea kikatangazwa, na jina lililoandikwa ni Njuguna. Ngai! Ndulu alilia siku moja nzima. Siku ya pili akapanda gari kwenda Nairobi, akarudi na cheti cha chama kidogo ambacho hakuna mtu alikuwa amekisikia. Alama yake ilikuwa ufagio.

Watu wa Njuguna walicheka mpaka wakashika mbavu. "Mwanamke amerudishiwa kazi yake!" Sisi tukachukua mafagio yetu, tukaingia mtaani. Hiyo ilikuwa mvua ya El Nino, na udongo mweusi wa Kitengela unaujua, unakuvua kiatu na kubaki nacho. Tulipiga hodi kila nyumba. Mwaitu nilimwambia pia. Haki ya Mungu, nilimwambia. Mara moja, jioni, nikiwa navua gambuti na miguu inaniuma. "Mwaitu, Ndulu amehama chama. Sasa ni ufagio." Akasema, "Eeh, nimesikia." Sikumuuliza tena. Nilikuwa nimefundisha mji mzima, nikachoka kufika nyumbani kwangu.

Siku ya kura Ndulu aliniweka ajenti wake pale shule ya msingi. Ajenti wa Njuguna alikuwa Waweru, shemeji yake. Msimamizi wa kituo alikuwa mwalimu Sankale, mtu wa haki. Alituapisha wote. Kura ni siri, akasema, mtakayosikia humu yabaki humu. Na ajenti akimwambia mpiga kura neno lolote, hata kama ni kukohoa kwa maana, anatoka nje na kesi inamfuata.

Saa nne hivi Mwaitu akaingia, amevaa kitambaa cha kanisa, fimbo mkononi.

"Yeyo, takwenya," Sankale akamsalimu kwa Kimaasai, kama mama yake.

"Iko," Mwaitu akajibu. Miaka thelathini kati ya Wamaasai, salamu hazikumshinda.

Siku hizo mtu asiyeona alisaidiwa na msimamizi, na maajenti wote walisimama karibu wasikie, asije akadanganywa. Tukasimama. Akataja rais wake, akataja mbunge wake.

"Na diwani, Yeyo?"

Mwaitu akajinyoosha. Akasema kwa sauti ya mtu anayetoa ushuhuda kanisani, "Chungu."

Sankale akaniangalia kidogo, akamrudia. "Chungu, Yeyo?"

"Chungu! Mtoto wangu alinifundisha." Akageuza uso kule alikodhani nimesimama, akatabasamu.

Waweru aliangalia viatu vyake. Mimi nilishika ukingo wa dawati mpaka vidole vikafa ganzi. Neno moja tu lingetosha, na hilo neno ndilo nililoapa nisiseme. Sankale akatia alama kwenye chungu, akakunja karatasi, akamshika mkono mama yangu wakaitumbukiza pamoja.

Njuguna alipata kura elfu moja mia tatu na nne. Ndulu alipata elfu moja mia tatu na tatu. Walihesabu mara tatu. Ungetoa moja kwa yule ukampa huyu, tungekuwa na diwani.

Mambo yakaenda haraka. Kule Kajiado chama cha chungu kikashika kiti cha mwenyekiti kwa tofauti ya diwani mmoja, na huyo mmoja alikuwa Njuguna. Kabla ya Pasaka uwanja ulikuwa umewekwa mawe ya mipaka. Sisi tukahamishiwa nyuma ya kichinjio, mahali nzi walinunua kuliko watu. Ndulu alijaribu msimu mmoja. Kisha akaja kwetu kuaga, anahamia Entarara kwa dada yake, kulima.

Alikunywa chai na Mwaitu, wakaongea habari za mvua. Akiwa mlangoni akasema, bila hasira, "Mwongeli, hawa elfu moja mia tatu siwasumbukii. Ningependa tu kumjua yule mtu mmoja. Nimuulize nilimkosea nini."

Nikasema, "Safari njema, dada."

Ndulu alipoondoka, Mwaitu akatikisa kichwa. "Watu wa hapa ni wabaya. Ni mjinga gani huyo alimnyima Ndulu kura moja?"

Nikapasuka. Siku hiyo nilikuwa nimeshinda kwa nzi, nimeuza nyanya sita. "Ni wewe, Mwaitu! Wewe! Nilikuwa pale nikakusikia. Ulisema chungu, na chungu alikuwa Njuguna!"

Aliweka mwiko chini polepole.

"Si uliniambia chungu?"

"Halafu nikakwambia ufagio!"

"Uliniambia mara ngapi?"

Nikachukua ndoo nikaenda kuteka maji.

Kesho yake alimpa jirani yetu Virginia kile chungu, akaanza kupika kwa sufuria. Muthokoi haukuwa na utamu tena, na hakuna aliyethubutu kusema. Akanikataza kumwambia Ndulu. "Nitalinyoosha mwenyewe," akasema, "Mungu akiniweka." Tangu hapo akishapika nilimsikia akijisemea, ufagio, ufagio, kama mtoto anayetumwa dukani na kuogopa kusahau. Miaka mitano! Maji yakimwagika hayazoleki, lakini jaribu kumwambia mama yangu hivyo.

Mwaka wa elfu mbili na mbili upepo ukageuka. Chama cha chungu kilianza kunuka uzee, na kila mwanasiasa alitafuta mlango. Kile chama kidogo cha ufagio kilikuwa kimeungana na wenzake, sasa ndicho chama cha nchi, malori kwa malori, watu wanapepea mafagio barabara nzima ya Namanga. Nilitoka kichinjioni kuangalia. Juu ya lori la kwanza nikamwona Njuguna, ufagio mkononi, anapiga kelele kwamba tufagie wezi wa ardhi. Waweru alikuwa kando yake ameshika kipaza sauti. Nilicheka mpaka nikalia, wanawake wenzangu wakaniuliza kama niko na malaria.

Nilimtumia Ndulu habari kupitia kwa wachuuzi wa vitunguu wa Illasit, jirani na Entarara. Jibu lake lilikuwa fupi: "Niko na nyanya shambani. Kura hazinyunyizi maji." Jina lake halikuwa kwenye karatasi yoyote. Hatukuwa na mtu.

Asubuhi ya kura Mwaitu aliamka kabla ya majogoo. Nilimkuta amekaa kitandani, kitambaa cha kanisa kichwani, fimbo mapajani.

"Mwongeli. Ni ufagio?"

Maneno yote yalinijaa mdomoni. Kwamba ufagio sasa ni Njuguna. Kwamba Ndulu hayuko. Kwamba abaki nyumbani anywe chai, kwa maana yote ni mamoja. Hakuna kiapo kilichonifunga safari hii. Nikaangalia yale macho meupe yaliyokuwa yananitafuta, nikaona miaka mitano ya sufuria.

"Ni ufagio, Mwaitu."

"Hawajabadilisha?"

"Hawajabadilisha."

Nilimfikisha mlangoni mwa darasa, nikasimama nje karibu na dirisha. Nilimsikia wazi. "Ufagio!" Kisha tena, kwa nguvu zaidi, "Ufagio, mwalimu! Andika vizuri!" Waweru alikuwa ndani, ajenti wa Njuguna tena. Aliinua kichwa akaniona dirishani. Nilidhani atacheka. Hakucheka, aliinama akaangalia viatu vyake kama ile siku.

Mwaitu akatoka ameinua kidole chenye wino, anatembea haraka kuliko fimbo yake.

"Nimesema mara mbili, asije akasikia vibaya."

"Nimesikia, Mwaitu."

"Sasa mtumie Ndulu habari. Mwambie yule mtu mmoja alikuwa mimi, na leo nimemrudishia yake."

"Nitamwambia."

Tulipofika nyumbani hata hakukaa. Alinituma kwa Virginia nikamchukulie chungu chake, anataka kupika muthokoi. Nikaenda.