Nusu ya Maneno ya Awinja

Awinja alikuwa jikoni akichambua mboga ya mrenda aliposikia sauti yake mwenyewe redioni.

"Mimi nataka ua," sauti ilisema, "kwa sababu wezi wa magogo wanatumalizia msitu."

Mtangazaji akadakia kwamba wakazi wa Isecheno wameunga mkono mpango wa serikali wa kuuzungushia msitu ua wa stima. Kisha zikaingia habari za mpira. Awinja akaketi na shina la mrenda mkononi, akingoja maneno yake mengine. Hayakuja.

Kikao kilikuwa kimefanyika siku iliyotangulia, kwenye uwanja wa shule ulio karibu na kituo cha msitu. Maafisa walikuwa wamekuja kukusanya maoni, na watu walijaa mpaka wengine wakakaa juu ya nyasi. Shitanda, ndugu mkubwa wa marehemu mume wa Awinja, alisimama mapema akasema ua hautaki kabisa, na akatikisa fimbo yake kuonyesha hasira. Baadaye Awinja naye akaomba kipaza sauti. Alisema anautaka ua, kwa sababu ya wezi wa magogo. Halafu akasema: "Lakini ua usio na milango ni kutufungia nje. Kuni tunazookota kwa kibali tutazipitishia wapi? Ng'ombe watakunywa maji wapi? Tuonyesheni kwanza milango, ndipo mtuulize kama tumekubali."

Hayo ndiyo aliyosema, yote kwa pumzi moja, kwa kuwa hakuwa amewahi kusema mbele ya umati.

Jioni, baada ya ile habari ya redio, runinga moja ilisema kinyume. Ilimwonyesha Shitanda na fimbo yake, maandishi chini yakisema wakazi wa Isecheno wakataa ua. Basi redio ilikuwa imesema watu wamekubali, runinga ikasema wamekataa, na watu wenyewe walikuwa walewale wa kikao kimoja. Lakini jirani zake Awinja hawakulitazama jambo hilo hivyo. Waliona tu kwamba Shitanda aliwatetea, na Awinja akawauza.

Kesho yake wanawake anaoenda nao kuokota kuni walipita nje ya boma lake bila kumwita. Alisikia sauti zao zikipungua zilipokaribia kwake, kisha zikapanda tena walipofika mbele. Alichukua kamba yake akaenda peke yake. Kanisani Jumapili benchi lake lilibaki na nafasi pande zote mbili, naye akaimba akitazama chini.

Kilichomuuma zaidi kilikuwa Shitanda. Mume wake alipofariki, ni Shitanda aliyemlimia shamba msimu mzima bila kudai hata kikombe cha uji. Sasa alikuja akasimama langoni, asiingie.

"Shemeji, ulituuza," alisema.

"Nani amekwambia?"

"Mdomo wako mwenyewe. Nimekusikia redioni."

"Si ulikuwa pale kikaoni? Hukunisikia?"

"Nilikuwa nyuma, na kile kipaza sauti kilikuwa kinakoroma. Redioni ndipo nilikusikia vizuri."

Awinja alisogea hadi langoni. Alijaribu kumweleza yale mengine aliyoyasema. Shitanda akatikisa kichwa kama mtu anayemsikiliza mtoto aliyevunja chungu, akaenda zake.

Usiku huo Awinja hakulala vizuri. Alipoamka alivaa rinda lake la kanisani, akamwomba mtoto wa jirani amfungie ndama, akaenda mjini Kakamega mpaka ilipo ile redio.

Alikuwa amejiandaa kufukuzwa. Mlinzi wa langoni alimuuliza ana miadi na nani, naye akasema hana miadi na mtu, ila wana maneno yake humo ndani na amekuja kuyauliza. Mlinzi akacheka, lakini akapiga simu. Akatoka mwanamke mwembamba aliyevaa sweta, akamsalimu kwa mikono miwili.

"Naitwa Chepkorir. Mimi ndiye mhariri wa habari. Karibu ndani, mama, kuna chai."

Chai ilikuwa ya maziwa, moto. Chepkorir hakumkatiza hata mara moja. Awinja alipomaliza, mhariri akamwita Elvis, mwandishi aliyekuwa kikaoni, akamwambia alete alichorekodi. Wakasikiliza wote watatu. Sauti ya Awinja ilisema anataka ua, ikasema kuhusu wezi, kisha ikasema lakini, na yote yaliyofuata.

Elvis alijikuna shingo. "Nilikuwa na nafasi ya sentensi moja tu. Nikachukua ile iliyo wazi."

"Ilikuwa wazi, kijana wangu," Awinja alimwambia, "lakini haikuwa yangu. Yangu ilikuwa na lakini."

Elvis akazima rekodi. Alisema, "Pole, mama," na ilionekana imemtoka moyoni.

Meneja wa kituo alipoelezwa hakufurahi. Awinja alimsikia kupitia mlango uliobaki wazi. Alisema jambo lenyewe ni dogo, habari imeshapita, na wakirudi nyuma wataonekana wanapigana na mradi wa serikali. Chepkorir alimjibu kwa sauti ya chini: "Hatupigani na mtu. Tulisema jambo ambalo halikusemwa. Kama ni dogo, basi kulirekebisha nako ni kudogo." Meneja akasema afanye anavyoona, lakini lawama zikija zitakuwa zake.

"Zitakuwa zangu," Chepkorir akasema.

Asubuhi iliyofuata, katika kipindi ambacho watu hupiga simu, Chepkorir mwenyewe aliingia hewani. Alisema habari yao kuhusu Isecheno ilikuwa na makosa, kwamba walikata maneno ya mama mmoja yakabeba maana ambayo si yake, na kwamba wanamwomba radhi yeye na wasikilizaji. Kisha akayacheza maneno yote, bila kukata hata pale Awinja alipokohoa.

Awinja alikuwa anakamua ng'ombe. Aliisikia sauti yake ikitoka kwenye redio ya Shitanda ng'ambo ya ua wa michongoma, imefunguliwa mpaka mwisho. Simu zikaanza kuingia. Mkulima wa miwa kutoka Mayoni alisema hata wao husikianga tu kwamba wakulima wameridhika, na hajawahi kumwona huyo mkulima aliyeulizwa. Mama mmoja wa Lumakanda akasema kwao bei ya mahindi ikitangazwa, wanaohojiwa ni wale wenye malori. Mwingine akasema yeye ua hautaki hata ukiwa na milango mia, na Chepkorir akamwacha aseme mpaka akamaliza.

Shitanda alikuja kabla maziwa hayajatulia kwenye ndoo. Safari hii aliingia ndani ya boma.

"Shemeji," alisema, akitazama kwato za ng'ombe. "Huo mlango wa maji. Ungewekwa kule chini kwa daraja la mbao, ama juu?"

"Kule chini. Juu kunateleza."

"Hata mimi naona chini."

Hayo tu. Lakini Awinja alipoibeba ndoo aliona shemeji yake ameshatangulia kumfungulia mlango wa jikoni. Jumanne wanawake walimwita kutoka njiani, kwa sauti kubwa kupita kiasi, kama watu wanaotaka kusikika mpaka mjini.

Chepkorir alimtuma Elvis arudi Isecheno. Safari hii alizunguka nyumba kwa nyumba, akala viazi kwa watu, akauliza na kungoja jibu likamilike. Habari aliyoitoa ilisema Isecheno haina jibu moja: wako wanaoutaka ua, wako wasioutaka, na wengi wanataka kwanza kujua watapitia wapi. Maafisa waliitisha kikao kingine, wakaja na ramani. Milango iliyochorwa haikutosha, na watu wakasema hivyo waziwazi. Afisa mmoja akachora mwingine kwa kalamu, kule chini kwa daraja la mbao. Shitanda bado aliupinga ua, na Awinja bado aliutaka, lakini wote wawili waliinuka kwenda kuonyesha pahali daraja lilipo.

Baada ya kikao hicho Awinja alifunga jogoo miguu akampeleka mjini. Chepkorir alimwangalia yule jogoo kwa huruma.

"Mama, kazi yetu hairuhusu kupokea zawadi. Nikimchukua, kesho watu watasema nimenunuliwa."

Awinja alifikiri. Lile neno alilijua uchungu wake. "Basi sitakupa," alisema. "Lakini mgeni akija kwangu simwangalii tu ashinde njaa. Jumapili ukipita Isecheno, utapita kwangu?"

Chepkorir akacheka mpaka akashika ukuta. "Nikipita, nitapita na sukari."

Alikuja kweli, pamoja na Elvis na sukari. Wale wanawake wa kuni walikuwa wamejaa jikoni, yule jogoo na obusuma, ugali wa kwao, vilikuwa mezani, na Shitanda ndiye aliyeomba kabla ya kula. Alimshukuru Mungu kwa mvua, kwa wageni, na kwa watu wanaosikiliza mpaka mwisho. Kisha Awinja akamsogezea sahani yenye imondo, ile firigisi ambayo katika boma lile haikuwahi kuliwa na mwingine ila mwanamume mkubwa wa nyumba.

Shitanda aliitazama. Akaichukua kwa vidole, akainuka, akazunguka meza, akaiweka kwenye sahani ya Chepkorir.

Wanawake walipiga vigelegele. Chepkorir, ambaye kwao pia kulikuwa na vipande ambavyo wanawake hawakupewa, hakuhitaji kuelezwa.

"Asante, mzee," alisema.

"Kula, binti yangu," Shitanda alisema. "Kula yote, usibakishe."