Mbegu za Kuvuka Songwe

Picha iliyotumwa na kampuni ilimwonyesha msichana wake akiwa ameshika bunduki. Gwantwa aliitazama kama mzazi anayerudishiwa mtoto asiye wake. Kampuni hiyo kubwa ya michezo ya video ilikuwa tayari kuununua mchezo wake na kuutangaza duniani kote, ila msichana wa mchezoni awe askari, na vilima vya Ileje vigeuzwe jangwa.

Kwa miaka mingi aliuchora mchezo huo nyuma ya duka la simu la Zakia, mjini Tunduma, alikofanya kazi ya ufundi. Kila kilima humo alikipanda utotoni kule kijijini kwao, Mbebe. Mchezoni, msichana alimpelekea dada yake, aliyeolewa ng'ambo ya mto Songwe, mbegu za maharage; adui zake walikuwa mvua, utelezi na mto wenyewe.

"Nimewakatalia," alisema.

Zakia akaiweka chini simu aliyokuwa akiifungua. "Umewakatalia?"

"Bunduki ya nini, dada? Anapeleka mbegu."

Njia iliyobaki ilikuwa nyembamba. Watengenezaji wadogo wa nchi mbalimbali walikusanya michezo yao katika kifurushi kimoja na kukiuza mtandaoni kwa bei ya chini. Mnunuzi alilipia kama mchezo mmoja, akapata yote. Walimkaribisha naye. Gwantwa akasita. Ilimuuma kuona jasho lake likipangwa na la wengine kama nyanya za fungu, soko likikaribia kufungwa.

"Hiyo ni bei ya kutupa," alinung'unika.

Zakia, mtoto wa wafanyabiashara, akacheka. "Kinachotupwa hakichaguliwi, mdogo wangu. Hawa wamekuchagua."

Akakubali, ingawa kwa moyo mzito.

Asubuhi moja, baada ya majuma mengi, dereva wa lori kutoka Zambia aliyekwama kwenye foleni ya mpakani aliingia kuchaji simu. "Mulishani," alisalimu kwa Kibemba, akaketi kwenye benchi, macho yasibanduke kwenye kioo. Gwantwa aliisikia mvua kabla ya kuona chochote. Ilikuwa mvua aliyoirekodi mwenyewe chini ya bati la nyumba yao.

"Mchezo gani huo?" Zakia aliuliza, akijifanya hajui.

"Ulikuwa ndani ya kifurushi. Mingine hata sijaigusa. Aliyeuchora huu, mama, amewahi kuteleza kwenye matope haya!"

Siku nyingine Gwantwa angeinamisha uso na kuendelea na kazi.

"Ameteleza sana," alisema. "Ni mimi, Gwantwa."

Dereva akamtazama, akalisoma jina la mtengenezaji kwenye kioo, akamtazama tena. "Wewe? Wa hapa hapa?"

"Wa hapa hapa."

Mwanamume yule akaruka hadi mlangoni, akawapigia kelele wenzake waliojilaza kivulini mwa malori: "Njoni! Njoni mumwone!"

Zakia akaanza kusogeza viti. Gwantwa akabaki amesimama wima nyuma ya meza, mikono yake ikinuka risasi ya kulehemu, akawangoja.