Kijiti Kikavu

Mimi ni mtu wa mto. Nimezaliwa Hale, nimekua nikioga mto Pangani, na marehemu baba alinifundisha jambo moja: kabla hujaingia majini, chomeka kijiti pale maji yanapoishia. Maji yakikigusa, toka. Basi siku tulipokwenda ufukweni na mke wangu Hamisa, nilichomeka changu kwa mbwembwe zote, nikijiona mtaalamu.

Tulikuwa tumetoka kwenye harusi ya binamu yake huko pwani, na binti yetu Yusra tulimwacha kwa bibi yake kule Kwashemshi. Ufukwe ule haukuwa na mtu. Hapakuwa na mlinzi, wala kibao, wala nyayo. Bahari ilitulia kama maji ya beseni. Hamisa, ambaye hajui kuogelea, aliniuliza mara mbili kama ni salama. Nilitazama juu nikaona hakuna wingu hata la dawa, nikamwambia kijiti hakijawahi kunidanganya.

Na kweli, maji yalikuwa yanakikimbia kijiti. Yalirudi nyuma taratibu, yakituachia mchanga wenye mikunjo midogo, kaa weupe wadogo na vidimbwi vya maji vuguvugu. Tukayafuata. Tulivuka bonde la mchanga ambalo maji yake yaliishia vifundoni, tukapanda tuta, tukalala chali. Mbingu na bahari zilikuwa rangi moja, sikujua ipi inaanzia wapi. Hamisa alicheka usingizini. Nilikuwa na furaha, nasema kweli, furaha ya kijinga, nami nikasinzia.

Niliamka miguu imelowa. Niligeuka kutazama kijiti: kimesimama kule mbali, kikavu kabisa. Lakini lile bonde tulilovuka lilikuwa limejaa. Maji yalikuwa yamepitia pembeni kimyakimya, yakatuzunguka bila wimbi hata moja. Kwetu mtoni maji yakipanda unayaona yanakujia. Sikujua kwamba ya bahari yanaweza kukupitia nyuma.

Nilimwamsha Hamisa, nikamwonyesha.  Alinishika mkono.

"Baba Yusra," alisema, "usiniachie."

Tuliingia. Maji yalimfika kiunoni, kifuani, kisha kidevuni, naye amefumba macho akilitaja jina la mtoto wetu. Hapo nilimpandisha mabegani, nikatembea kichwa changu kikiwa chini ya maji, nikisukuma mchanga kwa vidole vya miguu, mpaka nikaweza tena kuvuta pumzi.

Tulipokifikia kijiti kilikuwa bado kikavu. Nilitaka kukivunja. Hamisa alinizuia, akakichomoa, tukarudi nacho.

Siku hizi tukienda kufua mtoni hapa Hale, nakichomeka kama zamani, nakaa nakitazama. Hamisa anakaa nyuma yangu, mgongo wake umeegemea wangu, anatazama upande wa pili.