Mafua Si Ugonjwa

Mwaka 1957 nilikuwa nesi wa zahanati Buganguzi. Kila wiki nilipeleka Bukoba taarifa ya wagonjwa. Wiki moja niliandika kwamba mafua makali yanaangusha watu wazima, na wa kwanza walikuwa wapagazi waliotoka bandarini Kemondo.

Karani Rugemalira wa ofisi ya Bukoba akafuta mafua, akaandika malaria. “Mama Felicitas, mafua si ugonjwa,” akaniambia.

Wakatuletea madebe ya dawa ya mbu. Mafua yakaendelea kuua; tukawazika jirani yangu Anatolia na mumewe.

Ndipo daktari wa wilaya akaja, leso puani, akiuliza kwa nini sikutoa taarifa mapema.

Nikamwonyesha madebe. “Niliitoa, na haya ndiyo majibu yenu. Yapakie garini, urudi nayo Bukoba.”