Damu ya Jumatatu

Moelagi alivuka na meli ya alfajiri kutoka kisiwa cha Savai'i, shavu limemvimba. Kufika kliniki moja ya meno mjini Apia, makao makuu ya Samoa, karani Sefulu akaitazama karatasi yake ya kipimo cha damu, akairudisha.

"Hii ya Jumatatu, mama. Leo Jumatano. Tunataka ya leo."

Moelagi alikuwa na vali ya chuma moyoni, na kila siku alimeza vidonge vya kuzuia damu isigande. Bila kipimo hawamng'oi jino, wasije wakashindwa kuizuia damu. Hilo alilielewa. Akaenda maabara.

"Vijiti vya mashine ya kupimia damu vimeisha," dada wa maabara akamwambia. "Labda wiki ijayo."

Akarudi kliniki kwenye dirisha la karani, jino likimgonga mpaka sikioni.

"Basi acha vidonge siku tano, ndiyo uje," alisema Sefulu, macho kwenye simu.

"Niache? Jirani yangu Fetu aliambiwa hivyohivyo. Damu ikaganda, ikampanda kichwani. Sasa mkewe anamlisha uji wa kakao kwa kijiko."

"Mama, mimi sikuutunga utaratibu."

"Sawa, mwanangu. Niandikie hapa: Moelagi aache dawa siku tano. Weka na jina lako."

Sefulu akaweka simu chini. "Siwezi kuandika hivyo."

"Kusema unaweza?"

Benchi zima la wagonjwa likacheka. Mzee mmoja akadakia, "Mwandikie bwana, tuendelee!"

Kelele zikamtoa daktari wa meno, binti mwembamba aliyeitwa Ioana. Akaisoma karatasi palepale mlangoni.

"Mbili nukta sita, kiwango kizuri. Na kipimo kilichopita?"

"Mbili nukta tano."

"Ya siku mbili inanitosha, damu yako haiyumbi. Vidonge usiache hata kimoja. Nitashona, kisha utauma pamba. Ingia."

Kazi yenyewe haikufika robo saa. Moelagi akakaa benchi nusu saa nyingine, akiuma pamba, mpaka Ioana alipochungulia kidonda na kuridhika. Damu ilikuwa imekatika.

Alipopita dirishani, Sefulu akamsogezea fomu na kalamu.

"Saini hapa, mama. Kwamba umekubali kung'olewa bila kipimo cha leo, na lolote likitokea ni juu yako."

Moelagi akaisoma, pamba ikiwa bado mdomoni. Kisha akaisukuma fomu ndani ya dirisha, tupu kama ilivyokuja, akatoka kuwahi meli.