Shati Juu ya Paneli

Jamani, nisikilizeni kabla hamjacheka, maana darasani nimeshachekwa vya kutosha.

Ninasomea ufundi wa sola, na maabara yetu iko mtandaoni. Paneli ni ya kweli kabisa, imefungwa juu ya paa la chuo kingine huko mbali. Sisi tunaigeuza kwa kubonyeza simu, kamera inatuonyesha, na mita inasoma umeme unaotoka. Kila mtu na zamu yake. Ukifaulu jaribio unapata cheti, na bila cheti shemeji yangu hawezi kuniingiza kwenye kundi lake la mafundi. Nafasi imebaki moja, na wanaoimezea mate ni wengi.

Zamu yangu ilikuwa mchana, jua la utosi. Nikaielekeza paneli juani, umeme ukapanda vizuri. Mara akatokea mwanamume na ndoo, akatandaza shati lililolowa juu ya paneli, akalinyoosha kola, akaenda zake! Umeme ukaporomoka. "Wee kaka, toa hilo!" nikaipigia simu kelele, utadhani ananisikia.

Nikaandika nilichokiona: umeme umeshuka kwa sababu ya shati.

"Shati?" mwalimu akauliza. "Mama, unanifanyia mzaha?"

"Haki ya Mungu, mwalimu. La mikono mirefu."

Darasa likaangua kicheko. Mwalimu akasema maabara ya watu si kamba ya kuanikia, na kwamba njia ya mwongo ni fupi. Nilichemka! Nikamwambia afungue kamera aone mwenyewe. Akafungua, akaonyesha picha ukutani, kifua mbele.

Shati halikuwepo. Ilikuwepo suruali.

Mwalimu akaitazama ile suruali. Kisha akachukua mwongozo wake wa kusahihishia: wingu, vumbi, kinyesi cha ndege. "Nguo haimo humu," akasema. "Andika wingu, nikupe maksi zako tuendelee."

"Wingu liko wapi, mwalimu? Si unaona anga lilivyo jeupe?"

"Unataka cheti au unataka ubishi?"

"Na siku nikiwa juu ya paa la mtu, taa haziwaki, nimwambie mwenye nyumba ni wingu?"

"Siku hiyo," akasema, huku akimwita mwanafunzi mwingine, "utakuwa na cheti."

Hasira zilinipanda. Nilitaka nikatae, liwalo na liwe. Halafu nikaikumbuka ile nafasi ya shemeji, na wanangu wawili. Nikafuta shati, nikaandika wingu.

Jioni shemeji akapiga simu, furaha tele. "Hongera, shemeji! Umepata maksi zote! Nimeongea na mwalimu wako, anasema mwanzoni ulikuwa mgumu kidogo, lakini sasa somo limekuingia."

Nikasema asante. Nikakata simu, nikajifungia chumbani, nikalia kwa hasira.