Gololi Nyuma ya Sikio

"Hakatwi," Kaimu alirudia, akimkazia macho daktari. "Nimemwosha baba kwa mikono yangu hii. Kilichobaki ni kumzika."

Munira, mdogo wake, alisimama kati yao kwenye korido ya hospitali, roho juu. Baba yao, Mzee Mahamudu, alikutwa asubuhi shambani kwake Likunja, kalala kifudifudi kwenye mihogo, ana jeraha nyuma ya sikio. Kijiji kizima kikasema ni fimbo ya Mahona, mfugaji aliyehamia juzijuzi kutoka Usukumani, maana jana yake ng'ombe wake waliingia shambani humo, naye na mzee wakatukanana hadharani. Sasa Mahona yuko mahabusu Ruangwa, polisi wamezuia mazishi mpaka maiti ichunguzwe hapa Nachingwea, na vijana wameapa kulichoma boma lake mzee akishazikwa tu. Mke wa Mahona, Lucia, alikuwa amekaa kwenye ngazi za nje, mtoto mgongoni, na hakuna aliyemsalimia. Hata Munira hakumsalimia. Alimchukia mama yule kwa roho yake yote.

"Tuna mashine ya kupiga picha ndani ya mwili," Daktari Aurelia alisema. "Hakuna kisu. Hata sanda hatuifungui."

"Kaka, hawamkati," Munira alimsihi. "Wakishaona alivyopigwa, Mahona hana pa kukimbilia."

"Kisu hakuna kabisa?"

"Hata wembe," daktari akajibu.

Kaimu akashusha pumzi ndefu. "Basi mpigeni hiyo picha, tuwahi kuzika."

Kuingia hakutaka, akasema hana moyo wa kutazama. Munira akaingia peke yake. Kwenye kioo cha kompyuta fuvu la baba yake lilionekana jeupe, na ndani yake kulikuwa na kitu cheupe zaidi, kidogo, cha mviringo.

"Fimbo ingepasua mfupa," daktari alisema. "Huu umetobolewa. Hicho ni chuma. Kwenu kuna mwenye gobore?"

Nani hana? Msimu wa nguruwe pori watu wote hulinda mihogo, na usiku ule mlio wa gobore waliusikia, hakuna aliyeshtuka. Lakini Munira hakuwaza bunduki. Aliwaza baiskeli ya baba iliyolala nyuma ya jiko bila gurudumu, na mzee akifoka nani kachukua gololi za gurudumu hilo, na Kaimu akicheka kwamba safari hii nguruwe watakula chuma. Usiku ule Kaimu ndiye aliyekuwa zamu ya kulinda. Baba naye alitoka kwenda kuangalia kama ng'ombe wa Mahona wamerudi shambani.

Alitoka akishika ukuta.

"Wamemaliza?" Kaimu aliuliza. "Tukamzike?"

"Gololi ya baiskeli imo kichwani, kaka."

Kaimu alikaa chini, palepale sakafuni. "Nilidhani ni nguruwe," alisema. "Wallahi, Munira, mihogo ilitikisika, nikadhani ni nguruwe."

"Na ulipokuwa unamwosha, tundu hukuliona?"

Kaimu akaficha mikono yake kwapani.

Munira alimlilia kaka yake kabla hata ya kumlilia baba. Kisha akajifuta kwa upindo wa khanga, akashuka ngazi, akachuchumaa mbele ya Lucia.

"Shikamoo, mama," alisema. "Nyanyuka, twende polisi. Mumeo hakumuua baba yangu."